Taa ya Usiku Itengenezwayo na Watoto



Katika nyumba nyingi, jua likiisha kutua na chakula cha jioni kikiisha kuliwa, huanza shindano dogo kati ya mzazi na mtoto. Mzazi ataka kuzima taa; mtoto hataki. Mzazi asema, "Lala, gizani hamna kitu." Mtoto ajibu kwamba kimo, tena amekiona. Mwisho wa shindano hilo huwa mmoja katika miwili: ama mtoto hushindwa, akajikunyata chini ya shuka na kulia kimya mpaka usingizi umchukue, ama mzazi hushindwa, na kibatari huachwa kikiwaka kando ya kitanda usiku kucha. Miisho hiyo yote miwili haifai, na wa pili waweza kuteketeza nyumba. Nia yangu mwezi huu ni kuwaeleza njia ya tatu, nayo ni taa ya usiku ambayo mtoto huitengeneza na kuipamba kwa mikono yake mwenyewe, wala haina moto ndani yake.

Kwanza tumtendee mtoto haki. Hofu ya giza si uwongo, wala si ukaidi. Huwajia watoto wengi tangu umri wa miaka miwili au mitatu, wakati akili zao zimeanza kuumba picha za vitu visivyokuwapo, walakini hazijaweza bado kutenga picha na kitu chenyewe. Kanzu iliyotundikwa ukutani huwa mtu, na panya juu ya dari huwa jambo lisilosemeka. Kisha sisi wakubwa twachochea: mchana mtoto akitusumbua twamwambia kwamba zimwi litakuja kumchukua, na usiku akiliogopa zimwi lile lile tulilomletea sisi, twamcheka na kumwita mwoga. Hapo sijui mwenye kosa ni nani, ila najua si yule mdogo. Mwanga mdogo chumbani si kumdekeza. Ni kumpa nafasi atazame, aone kwamba kanzu ni kanzu, akalale.

Sasa tukitazame kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi. Sitaki kukitukana, maana mafundi bati wetu wamekitengeneza kwa makopo matupu miaka mingi, na wengi wa wale waliotufundisha sisi walijifunza kusoma kwa mwanga wake. Walakini chombo kilichotufaa mezani si lazima kitufae kitandani. Mwaka 2012 wataalamu waliopima moshi wa taa za utambi zisizo na chimni walitangaza kwamba katika kila mafungu 100 ya mafuta ya taa yaliyounguzwa, mafungu 7 mpaka 9 hugeuka kuwa masizi. Masizi hayo ndiyo tuyaonayo asubuhi katika pua za watoto, na yale tusiyoyaona yameshuka kifuani. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwashauri watu wasitumie mafuta ya taa majumbani. Tena mafuta haya huanza kutoa mvuke wa kushika moto katika joto la nyuzi 38 hivi za sentigredi, yaani kupita joto la mwili wa mtu kidogo tu. Nayo yakiwa yamechanganywa na petroli, kama wafanyavyo wauzaji wengine wasio waaminifu, hushika moto upesi zaidi.

Na kuna jambo moja ambalo babu zetu hawakuwa nalo. Siku hizi kitanda cha mtoto kina chandarua, na chandarua hicho mara nyingi kimefumwa kwa nyuzi za poliesta au za plastiki. Nyuzi hizo zikiguswa na moto huyeyuka na kudondoka zingali moto. Chandarua ni kitu chema, wala asiwepo wa kukiondoa kwa sababu ya maneno yangu. Kinachopasa kuondolewa chumbani ni mwali wa moto.

Kwa bahati njema, katika miaka hii taa ndogo za sola zimeenea hata vijijini, zile zinywazo nguvu ya jua mchana na kuitoa usiku kwa balbu ndogo ziitwazo LED. Taa hizo hazina moshi wala mwali, nazo hazipati joto kubwa. Basi mtu aweza kusema, "Kazi imekwisha, nunua taa umpe mtoto." Lakini kazi haijaisha. Taa hiyo ikiwashwa peke yake chumbani mwanga wake ni mweupe na mkali, humwamsha mtoto badala ya kumlaza. Wajuzi wa mambo ya usingizi hutuambia kwamba mwanga mweupe wenye samawati nyingi huuzuia mwili kujitayarisha kulala, na kwamba mwanga wa manjano iliyokolea au mwekundu hausumbui sana. Tena taa hiyo ni ya nyumba nzima: baba aitaka, na dada mkubwa aitaka kwa masomo yake. Mtoto haioni kuwa yake. Tutakayofanya ni kuitengenezea nyumba, na nyumba hiyo itakuwa ya mtoto.

Tafuteni kopo tupu la bati, kama lile la maziwa ya unga au la kakao, lenye upana wa sentimita 10 hivi na kimo kinachozidi kidogo kimo cha taa yenu. Kopo lililotiwa dawa ya wadudu au dawa ya mifugo lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara saba. Mkubwa na apitishe tupa au msasa katika ukingo wa mdomo mpaka usikate kidole. Kazi hii ya ukingo asipewe mtoto.

Kisha litakuwapo shaka, kwamba kopo likigongwa misumari litabonyea. Ni kweli, litabonyea, lisipokuwa na kitu cha kulishikilia kwa ndani. Wenye majokofu mjini hulijaza maji na kuyaacha yagande kuwa barafu, kisha hutoboa upesi kabla barafu haijayeyuka. Sisi wengine tutachonga gogo la mti laini liingie kopo sawasawa bila kucheza, urefu wake kama mkono mmoja. Kopo livikwe katika ncha moja, gogo lilazwe chini, na mtoto mmoja alikalie ili lisivingirike huku mwenziwe akigonga. Wakichoka hubadilishana. Watoto hufurahia kulikalia gogo kuliko hata kugonga, na huenda mkalazimika kuamua zamu kwa kura.

Lakini nyundo isiguswe kabla ya karatasi. Chukueni uzi, mzungusheni kopo, mpime. Hapa mwalimu asiache nafasi impite: na awaambie watoto wapime upana wa kopo, wauzidishe kwa 3 na sehemu moja ya saba, kisha walinganishe jibu na urefu wa uzi. Kopo la sentimita 10 litatoa sentimita 31 na kitu, kwa hesabu na kwa uzi vilevile, na nyuso za watoto waonapo mambo mawili yamekutana hazihitaji maelezo. Karatasi ikatwe kwa urefu huo, ikunjwe katikati mara tatu, ifunguliwe. Itakuwa imegawanyika mafungu 8 yaliyo sawa, kila fungu karibu sentimita 4. Katika mafungu hayo mtoto atachora kwa nukta, si kwa mistari, maana bati litapokea matundu tu. Kati ya nukta na nukta kuwe na upana wa kidole cha mtoto; zikikaribiana mno bati litachanika, na taa itakuwa na dirisha mahali pa nyota.

Watoto walio chini ya miaka sita wasipewe nyundo. Wao wana kazi ya kutia nukta kwa kaa au kwa penseli, kushika uzi, na kuamua picha. Wa miaka saba na kuendelea wanaweza kugonga, mkubwa akiwapo pale pale na si jikoni. Karatasi ifungwe juu ya kopo kwa uzi au ibandikwe kwa uji mzito wa unga, kisha wagonge katika kila nukta: msumari mwembamba kwa nukta ndogo, mnene kwa kubwa. Kila tundu ligongwe kutoka nje, nao msumari uzame katika gogo kidogo tu, ukichomolewa usigombane na mtu. Upande wa ndani matundu yatakuwa na meno makali. Basi mkono wa mtoto usiingie ndani kabisa. Mkubwa afunge msasa kwenye kijiti, ausugue ndani mpaka meno yapungue. Mwisho gogo lisimamishwe, kopo livikwe juu yake, na kitako chake kitobolewe vivyo hivyo, maana kitako hicho ndicho kitakachokuwa paa.

Kwa kuwa kopo husimama mdomo chini, taa ya sola ikiwa ndani yake, mwanga hutoka pande zote na juu pia. Picha huanguka ukutani na darini. Hapo mtajifunza jambo ambalo fundi hawezi kuwaambia kabla hamjaliona. Taa yenye balbu moja hutoa picha safi, kila tundu nukta moja. Taa yenye balbu nyingi hutoa katika kila tundu nukta nyingi zilizopandana, na samaki mmoja huwa kundi la samaki. Hii ni kwa sababu mwanga husafiri kwa mstari ulionyoka, na kila balbu hutuma wake kupitia tundu lile lile. Tena ukikisogeza kibalbu karibu na tundu, picha ukutani huwa kubwa; ukikiweka mbali nalo, huwa ndogo. Waacheni watoto wachezee jambo hili jioni moja nzima. Mwalimu aliyehangaika kuieleza nuru kwa chaki ubaoni atashangaa kuona kopo linavyoieleza.

Ili kuupoza ule weupe, taa ifunikwe kwa karatasi ya peremende iliyo nyekundu au ya manjano, ile inayopitisha mwanga, ikazwe kwa mpira. Picha itafifia kidogo. Mimi naona ni afadhali ififie, kwa kuwa hii ni taa ya kulalia.

Sasa habari za picha zenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi huharibu kazi. Mtoto akichora mbuzi aliye kama birika, mbuzi huyo na abaki vivyo hivyo. Asije mkubwa akasema, "Lete nikuchoree," kwa kuwa taa hii haitashindanishwa mahali popote, na akiamka katikati ya usiku lazima mtoto aone mkono wake mwenyewe ukutani, si wa mjomba. Ila aliyeishiwa na mawazo anaweza kusaidiwa. Watoto wa kike mara nyingi hupenda mapambo ya mkeka na ukili, yale ya pembe nne zilizosimama kwa ncha. Nayo hukaa vizuri sana katika mafungu 8. Katika kitako cha kopo mimi hupendekeza Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu zamani wajue majira ya kulima. Jicho zuri huhesabu nyota sita au saba. Mtoboe saba, kila mtoto wa nyumbani na mgeni wake wapate yao. Nao watoto watokewe nje kwanza, usiku ulio wazi, wakaitazame Kilimia yenyewe kabla ya kuitoboa. Yule aogopaye giza atoke akishikwa mkono. Mara nyingi kutazama nyota huwa mara yake ya kwanza kutoka gizani kwa hiari.

Rangi za mafuta za makopo ya zamani zisitumiwe kwa kupaka taa, maana baadhi yake zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto akiyaramba au kuvuta vumbi lake. Bati tupu lililosuguliwa majivu hung'aa vya kutosha. Anayetaka rangi afume kamba za ukili zilizotiwa rangi, afunge ukanda juu na chini.

Wala asidhani mtu kwamba taa za watoto ni mchezo wa kupoteza wakati wa shule. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian, waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, wanaijua nyota ya karatasi yenye taa ndani ambayo hutundikwa siku za kungoja Krismasi. Nyota hiyo ilianzia darasani. Katika mji wa Niesky, Ujerumani, kulikuwa na shule ya bweni ya Wamoravian, na mwezi wa Januari mwaka 1821 shule iliposherehekea miaka 50, iliwashwa nyota yenye ncha 110. Baadaye kutengeneza nyota kuliingia katika mafunzo ya hesabu ya maumbo, na nyota ijulikanayo sana leo ina ncha 25: 17 zenye kitako cha pembe nne, na 8 zenye kitako cha pembe tatu. Jina lake limetokana na mji wa Herrnhut, ambako mwishoni mwa karne ya 19 mtu aitwaye Pieter Hendrik Verbeek alianza kuziuza.

Lakini ninaloliwazia mimi ni watoto wenyewe. Katika shule za namna hiyo walikuwamo wana wa wamisionari waliokwenda Surinam, na Labrador, na Afrika. Walipelekwa bweni wakiwa wadogo, umri wa miaka saba hivi, na wengine hawakuwaona wazazi wao kwa miaka mingi. Twazoea kuwafikiria wazazi wale waliovuka bahari; ni mara chache tunafikiri habari za mtoto aliyebaki nyuma katika chumba cha watoto wengi, taa zikazimwa. Watoto kama hao walikata karatasi, wakabandika, wakatundika nuru chumbani. Nami napenda kuwakumbusha walimu wa shule zetu za bweni kwamba mabweni yetu pia yamekuwa na watoto wadogo, na kwamba kopo moja lililotobolewa, likiwekwa juu ya dirisha mahali pasipofikiwa, latosha chumba chenye vitanda 12.

Wapo watakaosema kwamba hawana taa ya sola, au iliyopo imekufa betri. Kwa hao iko taa ya zamani ya mafuta ya nazi, nayo ni salama kuliko kibatari, ingawa si ya kuachwa ikiwaka watu wakilala. Bilauri nene ijazwe maji mpaka nusu, na juu ya maji yamiminwe mafuta ya nazi yenye kina cha kidole kimoja, mafuta yataelea. Utambi mfupi wa pamba upitishwe katika tundu la kipande cha kizibo, uelee juu. Mafuta ya nazi hayashiki moto kwa kumwagika tu kama yashikavyo mafuta ya taa, maana yataka joto kali lipitalo mbali lile la maji yachemkayo. Na yakiisha, mwali hufikia maji ukazimika wenyewe. Kopo la taa hii liwe na matundu mengi kitakoni na mengi karibu na mdomo, hewa ipite, nalo litakuwa moto juu, lisishikwe. Ifae kwa hadithi za jioni. Mwenye hadithi akimaliza, na aipulize.

Ile ya sola itunzwe na mtoto mwenyewe. Asubuhi aitoe nje, aiweke mahali ambapo kivuli cha mwembe hakitaifikia saa sita, aupanguse uso wake vumbi kwa kitambaa kikavu. Jioni airudishe chini ya kopo lake. Siku akisahau, usiku huo taa itakuwa dhaifu, na hakuna haja ya kumgombeza. Wakati wa masika, jua likiwa haba, taa iwashwe kwa ile saa moja apatapo usingizi, kisha izimwe, ili amkapo usiku akiiomba iwe bado na nguvu. Na kopo lipakwe mafuta kidogo ya kupikia kwa kitambaa mara moja kwa mwezi lisipate kutu, kwa kuwa yule mkubwa ataliacha mapema kuliko mnavyodhani, na mdogo wake atakuwa amekwisha kulitia macho.